Kabla Ramani Haijachorwa: Wenyeji na Mipango ya Bioanuwai Mjini

Mwaka 2006, wafugaji wa jamii ya Ilchamus kutoka Baringo nchini Kenya waliifungulia serikali yao kesi, na miongoni mwa vielelezo walivyopeleka mahakamani jijini Nairobi alikuwemo mbuzi aliyepoteza meno. Mbuzi huyo alikuwa amekula maganda ya mathenge, mti wa kigeni ulioletwa kwao mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapatia watu kuni. Maganda ya mti huo ni matamu, na sukari yake hunata kwenye meno ya mifugo mpaka yakaoza na kung'oka. Mti wenyewe ulisambaa, ukafunga malisho na njia za kwenda majini, na miiba yake ikawa adha kwa watu na wanyama. Waliouleta walikuwa na nia njema, walikuwa na wataalamu na walikuwa na vitalu vya miche. Lakini mbuzi wa Baringo hula nini na maji ya Baringo hupita wapi, hayo waliyajua wafugaji.

Kisa hicho ni cha nyika, ila miji ya Afrika Mashariki hukirudia kwa kipimo kidogo kila masika. Lori hushusha miche mtaani, wageni rasmi hupanda, picha hupigwa. Kiangazi kikifika hubaki vijiti vikavu na mashimo ambamo watoto hujikwaa. Mti ulipandwa penye meza ya mama lishe, au juu ya bomba la maji, au kwenye uwanja pekee wa mpira, na hakuna aliyeuliza.

Bioanuwai, yaani jumla ya mimea, wanyama, ndege, wadudu na viumbe wadogo wa mahali fulani pamoja na namna wanavyotegemeana, ina tabia moja mjini ambayo kila mpangaji anapaswa kuianzia. Hifadhi ya taifa ina mpaka, geti na askari. Viumbe wa mjini hawana. Popo wamo kwenye mwembe ulio uani mwa nyumba ya kupanga, nyuki wamo ukutani mwa shule, vyura wamo mtaroni. Mkuyu umesimama ukingoni mwa mto ambao kila nyumba inautupia kitu. Miti mikubwa kuliko yote mara nyingi iko makaburini, na mikoko iko nyuma ya soko la samaki. Kila kipande kina mwenyewe: baba mwenye nyumba, kamati ya shule, msikiti, kanisa, ukoo, mkulima wa mchicha wa bondeni. Halmashauri haina askari wa kusimama mbele ya kila mti. Wenyeji wa mji ndio wanaoamua, kwa panga au kwa ndoo ya maji, nini kitakuwa hai baada ya miaka kumi. Ndiyo maana wanapaswa kuwemo tangu siku ya kwanza ya kupanga.

Nani aulizwe, na saa ngapi

Kosa la kwanza hutokea kwenye orodha ya waalikwa. Barua hupelekwa kwa diwani, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mkuu na wazee wawili maarufu. Wote hufika, na ni walewale waliofika kwenye mkutano wa maji, wa taka na wa barabara. Wanaokosekana ni wale ambao mikono yao hugusa udongo na maji kila siku: wauza miche wa kando ya barabara, wachimba mchanga wa mtoni, wakulima wa mboga za bondeni, waganga wa tiba asili, wazoa taka, wanawake wanaookota pweza na chaza, na watoto wanaojua kila shimo la kenge.

Njia ya kuwapata ni kutembea. Kikundi cha watu watatu au wanne kizunguke eneo alfajiri, adhuhuri na magharibi kwa siku kadhaa, kwa sababu mtaa wa saa kumi na mbili asubuhi si ule wa saa kumi na moja jioni. Kila anayekutwa aulizwe swali moja la mwisho: nani mwingine analijua eneo hili kumpita yeye? Majina yakianza kujirudia, orodha imekaribia kukamilika.

Saa ya mkutano nayo huchuja watu kimyakimya. Saa nne asubuhi siku ya kazi, mama lishe yuko jikoni na bodaboda yuko barabarani. Ijumaa adhuhuri na Jumapili asubuhi zina wenyewe, na jioni za Ramadhani zina futari. Pwani kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa bara hulisahau: bamvua. Siku za bamvua maji hupwa mbali, na hizo ndizo siku za wanawake wa pweza kushuka miambani. Anayewahitaji awaite wakati wa maji mafu, au awafuate pwani wakirudi.

Wanawake wapewe kikao chao wenyewe kabla ya kile cha pamoja. Hakuna haja ya kuunda kikundi kipya, kwa kuwa vikundi vya kuweka na kukopa vinakutana kila wiki na vina utaratibu wao. Mratibu aombe nusu saa kwenye ajenda yao. Wapangaji wa nyumba nao wasisahauliwe. Katika mitaa mingi ya mijini hao ndio wanaoishi na mti, wanafagia majani yake na kukaa kivulini mwake, ilhali mwenye kiwanja anaweza kuwa anaishi wilaya nyingine na hukumbuka mti anapotaka kuongeza vyumba. Wote wawili wana neno.

Kuhusu posho, uwazi ndio kinga. Nauli na chai zitangazwe mapema, ziwe sawa kwa kila mtu, na kiasi chake kiandikwe kwenye karatasi ya mahudhurio. Mkutano ambao wajumbe wa mbele wamepata bahasha na wa nyuma hawakupata huzaa uvumi, na uvumi huo utadumu kuliko mpango wenyewe.

Majina yatangulie takwimu

Neno lenyewe, bioanuwai, huwanyamazisha watu. Likitajwa barazani, wasikilizaji hudhani wameingia darasani na husubiri mwalimu aseme. Majina ya viumbe huwafungua vinywa. Mkazi wa pwani aliyezoea ujenzi au uvuvi hutenganisha mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana na mkomafi, tena kwa matumizi: huu ni wa boriti, ule unafaa mataruma ya chombo, mwingine ni dawa. Mgeni ataiita yote mikoko. Kwa hiyo kikao cha kwanza kinaweza kuwa cha kuhesabu majina tu. Mtu mmoja anaandika, wengine wanataja miti, ndege, samaki, wadudu na nyoka wa mahali pao, na kila jina linafuatwa na maswali mawili: yuko wapi siku hizi, na zamani alikuwa wapi?

Hilo la zamani linahitaji kalenda ambayo watu wanayo vichwani. Wachache watakumbuka mwaka kwa tarakimu, lakini Tanzania na Kenya karibu kila mtu wa makamo anazikumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mzee aulizwe mto ulikuwa na upana gani kabla ya mvua hizo, samaki gani walivuliwa, kivuko kilikuwa wapi, mkuyu wa mwisho ulikatwa lini na nani alitaka kuni. Kwa mchana mmoja, kikundi kitapata historia ya mazingira ambayo haimo kwenye faili la ofisi yoyote.

Humo humo hujitokeza miiko. Misitu mitakatifu ya kaya ya Wamijikenda wa Kenya, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, imesalia hadi leo katika pwani iliyojaa mashamba, machimbo na hoteli kwa sababu wazee waliweka masharti juu ya nani aingie, achukue nini na avae nini. Kaya Kinondo iko jirani kabisa na mji wa kitalii wa Diani. Miji mingine ina mabaki ya desturi kama hizo: mbuyu usioguswa, chemchemi yenye masharti, makaburi ya zamani. Afisa mipango miji anayeyapuuza kwa kuyaona ushirikina anapoteza ulinzi wa bure uliofanya kazi kwa vizazi. Ayaandike maeneo hayo kwenye rasimu yake, na awaulize wazee kama wanaridhia yatajwe hadharani.

Ramani inayochorwa kwa miguu

Dar es Salaam ina mfano mzuri wa ramani iliyochorwa na wakazi. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliungana na wakazi wa kata zinazofurika kuchora mitaro, vichochoro, majengo na maeneo yanayojaa maji. Walitumia ramani ya wazi ya intaneti ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha. Lengo lilikuwa mafuriko, lakini njia ile ile inafaa bioanuwai, kwa sababu mahali maji yanapopita na kutuama ndipo viumbe wengi wa mjini wanapoishi.

Kikundi kisicho na kompyuta kinaweza kuanza na karatasi kubwa nne zilizobandikwa pamoja na kalamu za rangi. Watembee mara mbili: mara moja kiangazi, mara moja masika. Rangi ya kwanza iwe ya miti na maskani ya wanyama. Ya pili iwe ya maji, na kimo cha mafuriko kipimwe kwa mwili ambao kila mtu anao: yalifika kifundoni, gotini au kiunoni. Ya tatu ionyeshe watu wanatumia nini: wapi panachimbwa mchanga, panachungwa mbuzi, panaanikwa dagaa, panachezwa mpira. Ya nne ni ya hofu: kichaka wanamojificha vibaka, mti wa nyoka, daraja bovu. Rangi hii husahaulika sana, na ndiyo inayoamua kama watu watakubali kichaka kibaki.

Kuhesabu viumbe nako kunafunzika. Nairobi, wapenzi wa ndege hukutana Jumatano asubuhi kwenye Makumbusho ya Taifa na kutembea pamoja kuangalia ndege chini ya Nature Kenya, chama ambacho mizizi yake ni ya 1909. Anayekuja bila kujua ndege hata mmoja hujifunza kwa kusimama karibu na anayejua. Mji mdogo unaweza kuiga kwa gharama ya nauli: siku moja ya wiki isiyobadilika, njia moja, daftari moja. Shule zikishiriki, daftari hilo litakuwa na kumbukumbu za miaka mingi kabla mtafiti wa kwanza hajafika. Wenye simu za kisasa wapige picha na kuzipandisha kwenye programu za bure za kutambua viumbe.

Si kila kitu kinafaa kuchorwa. Viota vya ndege adimu na mahali pa mizizi ya dawa pakiwekwa hadharani huvamiwa. Na ramani inaweza kumuumiza aliyeichora. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe, na maelfu ya familia za mijini zinaishi ndani ya mita hizo. Mratibu mwaminifu huwaeleza hilo kabla ya kalamu kugusa karatasi: nani ataiona ramani, itatumika kwa nini, na kitu gani hakitaandikwa. Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam limeonyesha kuwa mjadala kama huo unawezekana hata katika jiji kubwa. Mwaka 2018 wakazi, wahandisi, maafisa wa serikali na wataalamu wa mazingira walikaa kwenye mfululizo wa warsha za kubuni mustakabali wa bonde hilo, na mpango uliotoka humo ulitenga eneo la kijani ambalo mto utaruhusiwa kulifurika. Maswali ya fidia na ya watu kuhama ndiyo mazito kuliko yote, na yanastahili kuwekwa mezani mwanzoni.

Malalamiko yasikilizwe mapema

Wataalamu huja na orodha ya viumbe wa kulindwa. Wenyeji huja na orodha ya viumbe wanaowasumbua. Kikao chema huanza na hii ya pili.

Unguja kuna kima punju, kima mwekundu ambaye kwa asili hapatikani kwingineko duniani, na wakulima waliopakana na msitu wa Jozani walimlalamikia kwa kula nazi changa. Katika miaka ya 1990 watafiti walihesabu vidaka na nazi mti kwa mti, na waligundua jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: minazi ambayo kima walikula zaidi matunda machanga haikutoa mavuno madogo. Ilionekana kana kwamba kima wanaipunguzia minazi mzigo wa matunda ambayo mengi yangedondoka yenyewe. Hata hivyo mashamba yalikuwa na mazao mengine yaliyoliwa kweli, na wakulima walitengewa sehemu ya fedha za watalii. Barabarani yaliwekwa matuta, na vifo vya kima waliokuwa wakigongwa na magari vikapungua. Malalamiko yalipimwa shambani kwa mwenyewe, sehemu iliyokuwa kweli ikalipwa, na suluhisho la barabarani likawa la matuta.

Malalamiko mengine huelekeza kwenye chanzo kilichofichika. Kunguru wa Bara Hindi walifikishwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasafishe takataka. Leo wanaitesa pwani nzima kutoka Dar es Salaam hadi Malindi: wanapora vifaranga, wanakula mayai ya ndege wa asili, wanachafua visima na masoko. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza azma ya kuangamiza kunguru milioni moja. Kwa wakazi wa mtaa, somo la karibu zaidi ni jalala. Kunguru huongezeka penye taka za chakula zilizo wazi, kwa hiyo mtaa unaolalamikia kunguru unaweza kuanza na ratiba ya kuzoa taka za soko na za machinjio, na mpango wa bioanuwai ukaandikwa pamoja na bwana afya wa kata.

Karura: kutoka kichaka cha hofu

Hofu nayo hujibiwa kwa vitendo. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000 ndani ya Nairobi, ulijulikana duniani Januari 1999 Wangari Maathai alipopigwa na kujeruhiwa akijaribu kupanda mti mahali palipogawiwa wajenzi. Ulinusurika kunyakuliwa, lakini kwa miaka mingi baadaye wakazi wa jirani hawakuthubutu kuingia humo kwa kuogopa wahalifu. Msitu ulikuwepo, watu hawakuwepo, na wakata miti walifanya walivyotaka.

Mlango ulifunguliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, iliyoruhusu jamii kuunda vyama na kusimamia misitu pamoja na serikali. Wakazi wa mitaa inayopakana na Karura waliunda chama chao, Friends of Karura, na mpango wa usimamizi ukaandikwa kwa ushirikiano na Huduma ya Misitu ya Kenya. Uzio ulijengwa, njia zikasafishwa, na vijana wa kijiji cha Huruma, kitongoji cha kipato cha chini kilicho mpakani mwa msitu, wakawa miongoni mwa walinzi walioajiriwa. Kijana aliyekua akiijua kila njia ya panya msituni ndiye aliyepewa sare na redio. Leo familia hutembea humo mwisho wa wiki, miti ya kigeni inaondolewa hatua kwa hatua ili ya asili irudi, na mbega weusi kwa weupe waliletwa kutoka Kipipiri na sasa wanazaliana.

Karura ina funzo jingine, la fedha. Mwaka 2025 ulizuka mvutano mkali kuhusu akaunti itakayopokea viingilio vya wageni, na suala hilo likafika mahakamani. Vikundi vinavyoanza sasa vizingatie hapo. Makubaliano na serikali yaseme kwa maandishi nani anapokea fedha, nani anaidhinisha matumizi, sehemu gani inabaki msituni, na mgogoro utaamuliwa na nani. Siku ya kuandika hayo ni ile ambayo hakuna hata shilingi moja iliyoingia.

Faida ionekane bombani na shuleni

Mtu anayeombwa asikate mti anapoteza kitu leo, na ahadi ya hewa safi haipiki ugali. Gazi, kusini mwa Mombasa, walilijibu hilo kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, kaboni inayohifadhiwa humo inauzwa, na matumizi ya mapato huamuliwa kwenye mikutano ya vijiji. Wamepeleka maji vijijini na vifaa shuleni. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hesabu za kaboni ni za wataalamu, lakini uamuzi wa bomba lipite wapi ni wa wakazi, na kila anayeteka maji hapo anaijua mikoko iliyoyalipia.

Si kila mtaa una mikoko ya kuuza. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, ulifikiria njia nyingine baada ya maporomoko ya udongo ya Agosti 2017 yaliyoua zaidi ya watu 1,000. Mwaka 2020, chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr, jiji lilianza kampeni ya kufikia miti milioni moja. Wakazi wanaotunza miche hurudi kuipiga picha kwa simu, na hulipwa kwa kuendelea kuitunza. Halmashauri yoyote inaweza kuiga kanuni hiyo kwa kipimo chake: bajeti ya miche igawanywe, sehemu kubwa itengwe kwa ajili ya miaka miwili au mitatu ya kumwagilia na kuzuia mbuzi, na kikundi kilipwe kwa mche ulio hai siku ya kuhesabu.

Mpango uingie kwenye faili

Makubaliano ya barazani yasiyofika kwenye bajeti hufa uongozi ukibadilika. Sheria zinawapa wenyeji pa kushikia. Katiba ya Kenya ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa katika kifungu cha 10, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize ushiriki huo katika kutunza mazingira na kufikia angalau asilimia 10 ya ardhi yenye miti. Nchini Tanzania, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji iwaite wadau inapoandaa mpango wa jumla wa eneo. Ngazi ya kimataifa nayo imelitambua jambo hili: makubaliano ya bioanuwai yaliyopitishwa Montreal Desemba 2022 yana lengo mahususi la kupanua maeneo ya kijani na ya maji mijini.

Kinachowasilishwa kwa halmashauri kiwe kifupi. Kurasa mbili zinatosha: ramani, mambo matano yaliyokubaliwa, na jedwali linalosema nani atafanya nini, lini, kwa shilingi ngapi. Mambo matano yanayotekelezeka yana nguvu kuliko hamsini ya kupendeza. Mtaa mmoja unaweza kukubaliana kwamba miti saba mikubwa isikatwe bila kikao, ukingo wa mto kati ya madaraja mawili uachiwe matete na mikuyu, shule ianzishe kitalu cha miche ya asili, taa za ufukweni zipunguzwe msimu wa kasa kutaga, na taka za soko zizolewe kila siku. Muhtasari wa mkutano usainiwe na nakala ibaki kwa kikundi. Bajeti inapoandaliwa, wawepo watu wawili wanaofuatilia, mmoja kwa diwani na mwingine kwa mtendaji.

Pale ambapo jambo limeshaamuliwa juu, wenyeji waambiwe hivyo. Kuwauliza maoni kuhusu barabara ambayo mkandarasi wake ameshalipwa ni kuwapotezea siku na kuwafundisha wasije tena. Waambiwe barabara itapita, kisha waulizwe miti gani inaweza kuokolewa, vyura na maji vipitie wapi chini yake, na madaraja ya kamba ya mbega yawekwe wapi, kama yale yanayoning'inia juu ya barabara ya Diani.

Miezi sita ya kwanza

Kikundi kinachoanza mwezi Januari kinaweza kutumia wiki nne za mwanzo kutembea na kuorodhesha watu, kisha Februari kufanya vikao vidogo vya majina na kumbukumbu: wavuvi peke yao, wanawake peke yao, vijana peke yao. Mapema Machi yafanyike matembezi ya kiangazi, na Aprili, masika yakikolea, njia ile ile ipitwe tena kwa mabuti. Mei iwe ya mkutano wa pamoja wa kuchagua mambo matano. Juni ni ya kurudi kwa kila kikundi kilichohojiwa, mahali pale pale kilipohojiwa, na kukieleza kipi cha kwao kimeingia, kipi hakikuingia, na kwa sababu gani.

Ramani nayo isifungiwe kabatini. Ibandikwe ukutani mwa ofisi ya serikali ya mtaa, upande wa nje chini ya paa, na kando yake ining'inizwe penseli kwa uzi. Mkazi akipita na kuona mkuyu umewekwa upande usio wake wa mto, asahihishe. Mwishoni mwa kila mwezi mtu mmoja anakili masahihisho yale kwenye daftari, na mvua za vuli zikikaribia kikundi kitoke tena na karatasi mpya, kianzie pale ambapo penseli imechora zaidi.